Jumapili za Kwenda Kutazama Majengo

Enzi zetu, sisi tuliokulia Kisenyi, safari haikuhitaji basi. Baba yangu alikuwa mwashi, ametoka Kisumu kuja kutafuta kazi Kampala, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kutazama majengo. Jumapili wenzake walikwenda kunywa. Yeye alinishika mkono, mimi bintiye wa pekee, tukapanda kilima. Mama alitufungia muhogo wa kuchemsha kwenye jani la mgomba, akisema, "Haya, nendeni mkayasalimie mawe yenu."

Tulikwenda Kibuli, msikiti ukitokeza mweupe juu ya miti. Tulikwenda Kasubi, kwenye nyumba kubwa ya nyasi wanamolala marehemu wafalme wa Buganda. Tulivua viatu, tukaketi mkekani. Ndani mlinukia nyasi na moshi wa zamani, na paa lilishuka hadi karibu na ardhi. Baba alininong'oneza nizitazame pete za matete zilizozunguka juu yetu. Nikazifuata kwa macho mpaka nikasinzia begani pake. Hadi leo huiota nyumba ile.

Lakini baba alipapenda zaidi Namirembe, kwenye kanisa kuu la matofali mekundu. Siku moja, nikiwa na miaka tisa, alikaa kwenye majani, akatoa daftari, akaanza kuchora upinde wa juu ya mlango. Miaka ile wanajeshi walikuwa kila mahali, na kuchora kitu hadharani kulikuwa kujitafutia kifo. Nadhani uzuri ulimsahaulisha. Mara nikaona buti mbili kando yetu, za askari mwenye Kiswahili cha kambini.

"Wewe! Nachora nini? Nani natuma wewe?"

"Hakuna, afande. Mimi ni mwashi. Namfundisha mtoto."

Askari akanigeukia. "Mutoto, nafundisha wewe nini?"

Nikanyoosha kidole juu. "Matofali yale hayaanguki kwa sababu yanasukumana. La katikati likitoka, yote yanaanguka."

Akainua uso. Alitazama muda mrefu, mdomo wazi kidogo, bunduki ikining'inia begani kama kitu alichokisahau. Kisha akachana ule ukurasa, akaukunja taratibu, akautia mfukoni.

"Enda nyumbani. Sasa hivi."

Njia nzima baba alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho. Mama aliposikia alilia, akalitia daftari zima motoni, likaungua. Nikajua safari zetu zimekwisha. Jumapili iliyofuata baba akavaa viatu vyake.

"Twende, mama," akaniambia. "Leo tutachora kwa macho."

Tukachora kwa macho miaka yote iliyobaki. Baba alikufa mzee, kitandani kwake, bahati ambayo wengi wa rika lake hawakuipata.

Wajukuu zangu wameona majengo ya dunia nzima kwenye simu, bila kuinuka kwenye kochi. Juzi niliwapeleka Namirembe. Wakaligeuzia kanisa mgongo, wakajipiga picha, wakaniuliza tunaondoka saa ngapi. Nikacheka. Hakuna aliyewasumbua, na kwa hilo namshukuru Mungu kila siku. Ila nilitamani hata mmoja wao akae kwenye majani, anyamaze, atazame juu mpaka shingo imuume.