Anasa ya Mazishi ya Mjomba

Mwalimu wetu wa Kichina hapa Kisumu hana adabu, na nitasema hivyo mpaka kesho. Alitufundisha neno gumu, shechi, yaani anasa ya kupita kiasi, akataka kila mtu alete picha ya mfano na kuieleza mbele ya darasa.

Mimi hasira nilikuwa nayo tayari. Tulikuwa tumemzika mjomba kule Awasi kwa jeneza la vioo, mahema meupe na sare za kitenge, na mjane wake analala chini ya paa linalovuja! Nikamtumia mwalimu picha ya meza ya chakula ya mazishi hayo niliyoipata kwa binamu, bila hata kuikagua. Akaimulika ukutani. Nikasimama, nikafoka kwa Kichina changu cha kuokoteza: watu wetu ni shechi, walafi, hawana haya!

Otieno, tunayekaa naye dawati moja, akaninong'oneza, "Mama, si ukae tu."

"Niache! Ukweli lazima usemwe!"

Mwalimu akasogea ukutani, akaweka kidole kwenye picha, juu ya mama mwenye kilemba kama changu, akaniuliza polepole kwa Kichina, "Na huyu mwenye sahani mbili ni nani?"

Kichina hunishinda kila siku. Swali hilo nililielewa lote.