Maganda Aliyoyavusha Bibi

Utotoni mwangu, kule Mgori, ganda la tunda halikutoka nje ya ua wetu. Hiyo ilikuwa sheria ya bibi, mama mzaa baba, ambaye tuliishi naye mimi, mama na mdogo wangu Jumanne baada ya baba kufariki. Kilichoguswa na mdomo wako, alisema, wewe mwenyewe umo ndani yake. Mwenye nia mbaya akikiokota njiani, amekuokota wewe. Hakusema kwa kututisha. Alisema kama mtu anayekuonya kwamba sufuria ina moto.

Kwa hiyo maganda yalitafutiwa kazi, na kazi zikatuangukia sisi watoto. Ya machungwa tuliyaanika juu ya bati la banda la kuku hadi yakauke kabisa. Mengine tuliyawashia moto, mengine yalifukizwa jioni kufukuza mbu. Ya limau tuliyasugulia masizi ya sufuria. Ya papai bibi aliyatumia kufunika nyama ya mbuzi mzee ili ilainike kabla ya kupikwa. Ya ndizi tuliyakatakata tukayafukia kwenye matuta ya mchicha. Ilichosha. Wenzetu walikula embe huku wanakimbia na kutupa popote, mimi narudi nyumbani na maganda kwenye pindo la sketi, nzi wananifuata.

Ng'ambo ya njia aliishi Mama Hadija, mjane ambaye binti yake wa pekee aliolewa mbali, Rungwa. Siku ya gulio, watu wakishaanza kutawanyika, alipita na gunia akiokota maganda ya matikiti, ya ndizi, ya chochote. Mengine aliwapa mbuzi wake, mengine aliyafukia kwenye bustani ya vitunguu. Vitunguu vyake vilikuwa vikubwa kuliko vya mtu yeyote pale kitongojini. Nadhani hilo lilianza kumponza kabla ya jambo lingine lolote.

Kiangazi kimoja Jumanne aliugua. Homa haikushuka, tumbo lilimuuma, uji ukiingia unarudi. Mama alimbeba mgongoni hadi zahanati, akapewa dawa, wakarudi, hali ikawa ile ile. Ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba mtoto alikula tikiti gulioni, na kwamba Mama Hadija alipita nyuma na gunia lake. Maneno yalipofika kwetu yalikuwa yamekua: sasa alikuwa amelichagua ganda la Jumanne kati ya yote, akalificha kwenye kanga.

Mchana mmoja baba mkubwa alikuja na wanaume kadhaa. Walimwamkia bibi kwa heshima, wakakaa, wakaeleza kwamba wanataka kumwondoa yule mama kabla jua halijazama. Kijana mmoja alitaja kiberiti. Walitaka tu neno la bibi.

"Mama, wewe ndiye uliyetufundisha habari ya maganda," baba mkubwa alisema.

Mimi nilijua atakubali, maana yeye aliamini kuliko wote waliokaa pale, na mjukuu wake alikuwa ndani amelala hajitambui. Aliwauliza kama yupo aliyemwona kwa macho yake akiokota ganda la Jumanne. Hakuwepo. Akaniagiza chungwa na kisu. Akalimenya pale pale, akalifyonza mbele yao bila haraka, kisha akakusanya maganda, mbegu na makapi kwenye bakuli, akasimama na kutoka nje ya ua. Tulimfuata.

Tulimkuta Mama Hadija kizingitini, furushi la nguo liko miguuni. Alikwisha kusikia. Alisimama, akasema shikamoo kwa sauti ya chini. Bibi akaitikia marahaba, akampa bakuli.

"Haya yametoka mdomoni mwangu. Wape mbuzi wako."

Kisha akamgeukia mwanawe. "Nikifa, njooni mchome. Nisipokufa, mkae kimya."

Wale wanaume hawakuwa na la kufanya tena ila kwenda nyumbani kungoja mwanamke mzee afe.

Jioni ile bibi alioga, akafungua sanduku lake na kumwonyesha mama sanda aliyoitunza. Nilimuuliza kama anaogopa.

"Naogopa," alisema. "Nenda ukamwangalie mdogo wako."

Kesho yake mama alimpeleka Jumanne hospitali mjini. Wakakuta ni homa ya matumbo. Alirudi amekonda, shingo kama ya kifaranga, anaomba ugali. Bibi alikuwa hai. Watu walikaa kimya kama walivyoagizwa, lakini sikusikia aliyekwenda kuomba radhi. Mama Hadija alibaki nyumbani kwake hadi alipozeeka, na salamu walizompa zilibaki fupi.

Sasa naishi Unyambwa, nina watoto wangu, na natoka kazini miguu imevimba. Bado naanika maganda juu ya bati. Binti wa jirani ananiambia mambo haya siku hizi yanafundishwa kwenye simu, namjibu ndiyo, sina nguvu ya kueleza zaidi.

Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kana kwamba siku ile bibi aliacha kuamini. Nikikumbuka vizuri, hakuacha. Maganda yetu sisi watoto yaliendelea kufukiwa ndani ya ua hadi tulipoondoka. Ya kwake ndiyo aliyompelekea Mama Hadija, kila alipokula tunda, na watu wakimtazama. Magoti yalipoanza kumkatalia alikwenda akishikilia fimbo, bakuli limeinama, akipumzika katikati ya njia. Nilijitolea kumbebea, akakataa. Nilidhani ni ukaidi wa uzee.

Hakuwahi kututuma hata siku moja. Aliogopa hadi mwisho wake, akaenda hivyo hivyo, na hofu yake hakumpa mtoto aibebe.