Sungura Walioogeshwa Maji ya Josho

Tarehe 9 Februari 1984 nilimpoteza mume wangu. Aliugua homa siku chache tu. Alikuwa fundi wa pampu za maji pale Musoma, na tuliishi nyumba ya kazi upande wa ziwani. Aliacha baiskeli, redio isiyo na betri na sungura watatu.

Sungura hao hakuwanunua. Alikwenda kutengeneza pampu kwenye shule moja upande wa Kiabakari, akakuta mradi wa sungura unavunjwa kwa sababu pumba hazipatikani. Waliobaki walikuwa wanachinjwa siku hiyo hiyo. Akaomba watatu. Alirudi nyumbani spana amezibeba mkononi, sungura wako ndani ya mfuko wa vifaa.

Hatukuwala, hata nyama ilipokosekana kabisa. Majirani walimcheka. "Fundi, kitoweo hakibembelezwi!" Yeye aliendelea kuwakatia majani. Mimi mwenyewe sungura hao sikuwajali sana. Niliwapenda baada ya mazishi, kwa sababu asubuhi nilipotoka nje ni wao tu waliokuwa wananisubiri.

Nyumba ya kazi ilitakiwa irudishwe mwisho wa mwezi wa tatu. Mimi nilikuwa narudi kwa wazazi wangu kijijini, ambako mbwa ni wengi na chakula kilikuwa kidogo. Nikamuuliza shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, mfugaji wa ng'ombe Butiama, kama atawachukua.

"Sikudanganyi, shemeji," alisema. "Mimi sitawala. Lakini siwezi kulinda kila sufuria pale nyumbani."

Akabaki mama mmoja wa Bunda, Msabato, niliyezoeana naye sokoni. Kwa imani yake sungura haliwi. Alikuwa na sungura wanne wa kwake.

"Nyama yake siili, mbolea yake naitaka kwa mboga zangu," aliniambia. "Walete. Ila usiniletee wenye ukurutu, wataniharibia hawa."

Wangu walikuwa nao. Tangu msiba masikio yao yalikuwa yameota magamba, na kwa yule dume wa kijivu magamba hayo yalikuwa yameshuka hadi puani. Dawa ya dukani haikuwepo. Nilikuwa nawapaka mafuta ya sangara masikioni, na magamba yalianza kubanduka, lakini polepole. Shemeji alikuja mara mbili, akawatazama, akatikisa kichwa. Alijua mwezi unakwisha.

Siku moja nilitoka alfajiri kwenda foleni ya sabuni mtaa wa Iringo. Nilirudi mchana na mche mmoja. Nilipofika uani nikasikia harufu ya josho, ile dawa ya kuogeshea ng'ombe. Shemeji alikuwa amechuchumaa mbele ya karai, mikono ya shati ameikunja. Maji ya kwenye karai yalikuwa meupe kama maziwa. Sungura wote watatu walikuwa wameloa, wamekonda ghafla kama panya, na wawili walikuwa wanajilamba.

"Nimekumalizia kazi, shemeji," alisema. Alikuwa anacheka. "Dawa nimeitoa nyumbani kwenye chupa ya bia. Bunda wanakwenda wasafi."

"Umewaogesha dawa ya josho?"

"Ng'ombe tunawaogeshaga hivyo kila wiki. Mbona hawafi?"

"Ng'ombe hajilambi mwili mzima kama huyu!"

Akageuka kuwatazama. Kicheko kikamwisha.

Nilimwaga lile karai shimoni, nikateka maji mengine, nikakata mche wa sabuni katikati. Shemeji alishika, mimi nikasugua. Nilimsugua mmoja mmoja mpaka povu likajaa, nikamsuuza, nikamsugua tena. Mama jirani akaja kusimama kwenye ua wa minyaa.

"Yaani sabuni ya foleni unaogeshea panya? Mie hata sare za watoto sijafua!"

"Chukua kipande hicho kilichobaki, mama," shemeji alimwambia. "Lakini tuache."

Alikichukua, ila hakuondoka.

Kazi ngumu ilikuwa kuwazuia wasijilambe wakati wanakauka. Nilimfunga yule mdogo wa mabaka mgongoni kwa khanga, kichwa tu nje. Dume nilimpakata. Shemeji alimviringisha jike mweupe ndani ya koti la marehemu mdogo wake, akamshika kifuani kwa mikono miwili. Mtu mwenye ng'ombe wengi namna ile, amekaa kwenye kigoda anabembeleza sungura, na jirani anatazama.

"Laiti wazee wenzako wangekukuta hivi leo!" mama jirani akamwambia.

Shemeji alifunua koti. Jike alikuwa ameanza kutetemeka. Mate yalimtoka, miguu ikakakamaa, ikalegea, ikakakamaa tena. Shemeji alimwita kwa mlio wanaotumia kuitia ndama. Hakukuwa na la kufanya. Alikufa jua bado halijashuka.

"Basi nipeni," mama jirani akasema, sauti ameishusha. "Kichwa na matumbo nitavitupa. Watoto hawajaonja nyama tangu mwezi uliopita."

"Ana sumu," nikasema.

"Nitamchemsha sana."

Shemeji akasimama naye mkononi. "Mama, hii ni dawa ya kuua kupe. Haiondoki kwa kuchemsha. Utazika watoto."

Mama jirani alimtazama mnyama, akanitazama mimi, akaondoka. Shemeji alichukua jembe na kuchimba shimo lililomfika kiunoni, kisha akaweka mawe juu ya mzoga kabla ya kufukia, watu au mbwa wasije kumfukua. Alipomaliza alikaa chini pale pale. Akasema, "Mdogo wangu angenifanyaje?" Sikumwambia kwamba angemsamehe, kwa sababu sikujua.

Wa mabaka alikula usiku ule. Dume hakugusa kitu. Asubuhi tulipanda lori la Bunda, wote wawili wako ndani ya kikapu kati ya miguu yetu, nami kila mara naingiza kidole kuona kama dume bado ana joto. Baada ya Kiabakari shemeji aliniinamia.

"Usimwambie habari ya dawa. Akijua atawakataa."

Mama wa Bunda alitupokea mlangoni. Aliwatoa mmoja mmoja, akageuza masikio, akanusa manyoya, akamwangalia dume muda mrefu.

"Huyu anaumwa. Amekula nini?"

Shemeji alitazama barabarani. Nikamweleza yote: josho, sabuni, jike aliyekufa, na kwamba dume hajala tangu jana na huenda akamfia mikononi.

Alimrudisha dume kikapuni. Kisha akasema, "Wa mabaka akakae peke yake kwanza. Huyu mtieni kwenye kibanda kile cha kuku, hakina kuku. Na wangu msiwaguse kwa mikono hiyo."

Shemeji ndiye aliyembeba dume hadi kibandani. Yule mama alimwekea majani ya viazi na maji, akatuvuta nyuma ya ukuta, akisema mbele ya watu hatakula. Tulisimama pale. Baada ya muda shemeji alichungulia kwenye upenyo wa mbao.

"Ananusa," alisema.

Tukangoja tena.

"Jani moja. Amelitafuna, ameliacha."

Mama akatuambia twende, lori la mwisho la Musoma halingojei mtu, atatuletea habari siku ya soko. Shemeji alitangulia barabarani. Mimi nilirudi mlangoni kuchukua kikapu kitupu.