Magobole ya Rehani

Mume wangu alikuwa na duka Kivinje, la chumvi, nguo na majembe, na nyuma yake ghala tuliloweka nta na sandarusi za watu wa bara. Mwaka mmoja kabla ya vita vya Maji Maji ghala lile lilipokea mzigo mwingine: magobole. Yalikuwa ya kijiji kimoja cha ndani, upande wa Likawage. Mdachi alitaka kodi ya nyumba kwa rupia, hakutaka mtama, na jumbe wa kijiji, alipoona akida ameanza kutaja askari, alikusanya bunduki zote za watu wake akaziweka rehani kwetu. Tukampa rupia, kodi ikalipwa, nasi tukajiona tumefanya wema.

Ufunguo wa ghala nilikuwa nao mimi. Mume wangu alikuwa mtu wa safari za Unguja, nami nilikuwa kijana, mke wa mwenye duka, najiona kwelikweli. Hilo la kujiona nalitaja mapema nisije nikasingizia jambo jingine.

Jumbe yule alikuwa mtani wangu, maana watu wa kwao na wa kwetu ni watani. Mtani akimkuta kuku wako anamchukua, nawe huna ruhusa ya kununa. Kila alipofika dukani aliniita mla ngisi, nami nikamwita tumbili wa mihogo, wateja wakacheka. Basi siku moja aliingia moja kwa moja hadi ghalani nilikokuwa nikipanga nta, akatwaa gobole akaliweka begani, akatangaza kwamba leo ameniibia. Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikalishika gobole kwa mtutu, nikamwambia utani ni wa kuku, rehani ni ya fedha.

Alilishusha. Aliniomba tuzungumze pembeni, na huko hakutania tena. Alinieleza kwamba tangu bunduki zitoke kijijini nguruwe wamehamia mashambani. Wanaume kutwa wako kwenye shamba la pamba la akida, na wakirudi wanakuta mihogo imefukuliwa. Hakutaka magobole yote. Alitaka moja, kwa msimu ule tu.

"Tukikosa chakula hatuna cha kuuza," alisema. "Tusipouza hatuna kodi. Tusipolipa, askari wanakuja. Binti, nchi yangu imelala ghalani mwako."

Nilimwelewa. Ningependa sana kuandika hapa kwamba sikumwelewa. Nilimwambia mume wangu hayupo, na dawa ya deni ni kulipa, kisha nikafunga mlango.

Baada ya miezi michache watu wa bara walianza kung'oa pamba, na vita vikawaka. Habari zilipotufikia za kijiji kile, tuliambiwa walitoka na mikuki, wamejifunga mabua ya mtama vichwani, wamenyunyiziwa dawa ya maji, wakawaendea askari waliokuwa na bunduki ile kubwa ya kumwaga risasi mfululizo. Jumbe alikuwa mbele.

Watu hunipoza kwamba magobole yale makuukuu yasingefua dafu mbele ya Mdachi. Ni kweli. Lakini mimi siwazi vita, nawaza mihogo. Mtu mwenye chakula chake nyumbani hatoki upesi kwenda kufa.

Afisa wa Kidachi alipoyakuta magobole ghalani kwetu alimpa mume wangu mkono mbele ya watu. Alisema tuliwanyang'anya waasi silaha hata kabla ya vita. Bunduki zikachukuliwa, na kwa uaminifu wetu tukasamehewa kodi ya mwaka mzima. Mume wangu alichinja mbuzi. Nilikula ile nyama, na ilikuwa tamu.

Njaa iliyofuata vita ilipopungua, mjane wa jumbe alikuja dukani. Alikuwa amekonda, mkubwa kwangu kwa umri, nikamwamkia shikamoo. Wenye duka hatukuzoea kuwaamkia hivyo watu wa bara, na wateja walinitazama. Aliitikia marahaba kama mtu anayepokea haki yake, akafungua pembe ya kaniki yake, akaweka rupia juu ya meza. Alikuja kukomboa magobole ya mumewe. Wanawake walikuwa wamelima tena, na nguruwe walikuwa wamerudi.

Nilimwambia hayapo, serikali imeyachukua. Nikazisukuma rupia zimrudie, nikamwambia nimemsamehe deni lote.

"Msamaha aliutaka yeye," alisema. "Mimi nataka asidaiwe kaburini."

Aliziacha pale pale, akaondoka na njia yake ya bara, mikono mitupu. Jioni nilimkabidhi mume wangu zile fedha, kwa mkono wangu mwenyewe. Msamaha wetu wa kodi ulikuwa umekwisha muda wake, na fedha zile ndizo tulizolipia kodi.