Santuri Yenye Jina la Bwana Yangu

Siku ya tatu ya kilio nilianza kuwachukia watu kwa miguu yao. Kwetu Lubumbashi mjane anakaa sakafuni, juu ya matela, godoro lisilo na kitanda, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi, na ukikaa hivyo kutwa nzima unachoona ni miguu tu. Ndala za wifi zangu, visigino vilivyopasuka vya wanakwaya, viatu vya mchungaji vilivyopigwa rangi mpaka vinang'aa. Viti na meza vilikuwa vimetolewa nje, chini ya turubai, na salon yangu, sebule niliyoifagia mwenyewe miaka yote ikageuka chumba cha watu wengine.

Masharti yalikuwa mengi, na mawifi wakayasimamia vizuri kuliko askari. Usitoke, labda kwenda chooni, na huko usindikizwe. Usimpe mtu mkono. Usiombe bukari, ugali wetu, subiri uletewe. Na zaidi ya yote, usibishane juu ya vitu. Mjane anayesema "hiki changu" kabla kilio hakijamalizika, basi, watu wameshajua nani aliyemuua bwana yake. Sasa nifikirie mimi, ambaye wauza ndakala, wale dagaa wakavu, wa soko letu kule Annexe wanashusha sauti kwa kuogopa mdomo wangu wakiniona ninakuja. Nilikaa kimya wiki nzima. Taya ziliniuma kwa kunyamaza.

Bwana yangu nilimpenda, nisisingiziwe. Alikuwa mtu mwema, mvivu kidogo, mwenye moyo uliochoka mapema kuliko mwili wake. Lakini kilichoninyima raha pale chini hakikuwa yeye. Kilikuwa ndani ya kabati, mbele ya macho yangu, hatua nne tu kutoka kwenye matela: diski moja, santuri ile kubwa ya zamani, imesimama kati ya Biblia na sahani za wageni.

Ilikuwa ya baba yangu. Baba alikuwa Mukasai, mtu wa Kasai, karani wa gari-moshi, na aliipata kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao. Ni muziki wa Wamarekani weusi, wa zile siku funk ilipokuwa bado haijajijua. Besi inatembea kama mtu mnene asiye na haraka, ngoma inamfuata kwa kumchokoza, kisha tarumbeta zinaingia na zile njia za jazz zisizoeleweka, hujui zinakwenda wapi hadi zimefika. Kuna mwanamume anaimba soul kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha asioustahili. Na upande wa pili, mwishoni kabisa, kuna blues moja ya polepole, gitaa na kinanda tu. Baba alikuwa anavua viatu kuisikiliza hiyo. Mama, mtu wa kanisa, alikuwa anaondoka chumbani.

Nilipoolewa, baba akanipa diski ile pamoja na fono yake ya kuipigia. Akaniambia masufuria nitapewa na mama, hii ni zawadi yake yeye kwangu. Hakuishi mwaka mzima baada ya hapo, na picha yake sina hata moja.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Mwanzoni mwa ndoa, rafiki mmoja wa bwana yangu aliazima diski akakaa nayo miezi mitatu, ikarudi na alama za vidole vyenye mafuta. Nilikasirika vibaya sana. Nikachukua biki, kalamu ya wino, nikampa bwana yangu, nikamwambia aandike jina lake juu ya kava, kwa herufi kubwa, maana jina la mwanamke halimtishi mtu. Akacheka, akaandika. Nikajiona mjanja wa mtaa mzima. Na kweli, tangu siku ile hakuna aliyeiazima tena, na kila aliyeingia nyumbani akasema "diski ya mzee". Hata yeye mwenyewe akaanza kusema hivyo. Hata mimi.

Na desturi ni desturi. Siku ya mwisho ya kilio familia ya marehemu inakusanya vitu vyake na kugawana. Shemeji yangu, mdogo wake bwana yangu, alikuwa ametoka Kilwa yetu ya ziwani, siku mbili juu ya lori kwa barabara mbovu, na gunia la samaki wakavu begani. Nilimsikia akisema uani kwamba yeye hataki nguo wala kitanda, anataka diski ya kaka yake tu, awe na ukumbusho. Alisema kwa upole, na hapo ndipo uchungu ulipo. Angekuwa mnyang'anyi ningemlaani rohoni nikapata nafuu.

Asubuhi ya siku hiyo ya mwisho wakaja watani.

Kwa asiyejua: watu wa kabila lenye utani na la marehemu wanaruhusiwa kufanya chochote kwenye kilio. Watamtukana maiti, watakalia jeneza, watavaa suruali yake, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Kiongozi wao alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Aliingia amevaa koti la bwana yangu na kofia yake, anachechemea vile vile alivyokuwa anachechemea yeye.

"Weye bibi," akaniambia, "chayi yangu iko wapi? Mi nilikufa na kiu, na weye unakaa tu pa matela."

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika kuta. Mimi nikainamisha kichwa, maana nilikuwa karibu kucheka, na mjane hacheki.

Akaenda kabatini. Akatoa diski, akaipuliza vumbi, akatoa ulimi kidogo pembeni ya mdomo, kama bwana yangu alivyokuwa anafanya kila Jumapili baada ya ibada. Umeme ulikuwepo, sijui kwa bahati ya nani. Akaiweka kwenye fono, akashusha sindano upande wa pili, karibu na mwisho. Na baada ya wiki nzima ya nyimbo za kwaya, ile gitaa ikaanza.

Siwezi kueleza vizuri. Magoti yangu yalitaka kusimama. Bega langu la kushoto lilitikisika mara moja na wifi yangu mkubwa akaliwekea mkono, polepole, kama unavyotuliza mtoto kanisani. Nikatulia. Ndani yangu kila kitu kilikuwa kinakimbia, nje nilikuwa mzigo uliofungwa kamba.

Shemeji alisimama mlangoni. "Ile disque ni ya kaka," akasema. "Muiwekee heshima."

Jirani yangu akageuka, mkono kiunoni, bado ni bwana yangu kwa sura yote. Miaka mingi nyuma, siku niliyogombana na mume wangu, nilikuwa nimemweleza jirani huyu habari ya baba na diski yake, tukiwa tunaanika nguo. Sikujua kama ameihifadhi.

"Bandugu, munisamehe," akasema kwa sauti nzito ya marehemu. "Mi nilikuwa mwizi. Iyi disque haiko yangu. Baba ya bibi yangu, uyu wa pa matela, njo alimupatia. Mi niliandika tu jina yangu juu."

Watu wakacheka tena, kwa kuwa ni utani. Lakini wifi yangu mkubwa hakucheka. Ndiye mzaliwa wa kwanza wao, neno lake ndilo la mwisho katika ukoo ule. Akainua mkono, vicheko vikazimika, ikabaki gitaa peke yake.

"Mama," akaniuliza, "ni kweli? Disque ni ya weye?"

Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile mtu kuniuliza kitu. Niliinua macho. Nikaona nyuso badala ya miguu, nyingi, zote zinanisubiri. Nikisema ndiyo, nimemfanya bwana yangu mwizi mbele ya ndugu zake, yeye ambaye hawezi kujibu, na biki nilimpa mimi. Nikisema ndiyo, kesho watasema ameanza na diski, atamalizia na nyumba. Na nikisema hapana, baba yangu anapanda lori kwenda Kilwa. Mdomo wangu wote ule wa sokoni, nikautafuta.

"Ni ya bwana yangu," nikasema.

Jirani yangu alinitazama. Kisha akavua kofia, akaiweka juu ya kabati, akatoka nje kwa mwendo wake mwenyewe bila kuchechemea. Shemeji akapita kati ya wanawake, akainua sindano katikati ya blues, akaifunga diski ndani ya kitenge kwa mikono miwili. Fono akaiacha. Haikuwa na jina.

"Aksanti, shemeji," akasema, na alimaanisha.

Hapo nikalia. Nililia kwa sauti ambayo sikuijua, nikajitupa juu ya matela, kitambaa kikanitoka kichwani. Mawifi wote wakaja juu yangu, wakanikumbatia, wananipapasa mgongo, na wao pia machozi.

"Lia, mama, lia," wifi yangu mkubwa akaninong'oneza, ameridhika kabisa. "Sasa njo tunaona ulimupenda. Bwana yako iko anakusikia."

Nje lori lilianza kunguruma. Nikawaacha waendelee kunishika.