Likizo ya Nkwabi Tarishi

Nkwabi alikuwa tarishi wa ofisi moja ya serikali pale Mpanda, na kwa miaka tisa hakuwahi kwenda likizo. Kila alipoomba, bosi alimjibu kwa upole, "Ukiondoka wewe, nani atapeleka barua?"

Mwaka 1994, Pudensiana wa masjala alimwandikia ombi jipya, akalifuatilia mwenyewe mpaka likapita. Nkwabi akapewa siku ishirini na nane. Siku ya kwanza alikuwa shambani kwake Misunkumilo akipalilia huku anapiga mluzi, mara akamwona Pudensiana anakuja, viatu mkononi kwa sababu ya tope.

"Baba Minza, unaitwa ofisini. Barua ya kukuruhusu likizo haijakufikia."

"Si uliniambia mwenyewe kwa mdomo?"

"Mdomo hauna kumbukumbu namba. Barua ipo kwenye trei, na tarishi hayupo."

Nkwabi akanawa miguu, akapanda baiskeli. Ofisini aliichukua barua, akajikabidhi, akasaini daftari mara mbili, kama mpelekaji na kama mpokeaji.

"Sasa uko likizo rasmi," bosi alisema kwa furaha. "Ila kwa kuwa umeshafika, nipelekee hizi."

Zilikuwa barua kumi na moja. Nkwabi alimwonyesha ile yake. "Bosi, nikizigusa nitakuwa nimekiuka agizo lako."

Bosi aliisoma, akaona sahihi ni yake, akazikusanya zile barua mwenyewe. Mchana ule watu wa sokoni walimwona bosi ana bahasha kwapani, anauliza ofisi ya kilimo iko upande gani. Alikuwa ameishi Mpanda miaka tisa.