Sijambo Iliyoniponza

Mimi ni mpiga pasi kwa dobi, na mwili wangu hauna adabu. Leo yanauma mabega, kesho nyonga, keshokutwa vidole vinagoma kushika kikombe. Maumivu yanahamahama kama mpangaji mgomvi. Nimepigwa picha za mifupa, ikatoka imependeza kuliko nilivyowahi kutoka mimi kwenye picha yoyote. Daktari akaniambia sina kitu, huku akitabasamu kana kwamba ni habari njema.

Wifi yangu, tunayeishi naye nyumba moja, alikuwa na vipimo vyake. "Maumivu yako yana akili, wifi," alisema. "Yanaijua zamu yako ya vyombo." Na mara nyingi yaliijua kweli.

Basi niliposikia hospitali inatafuta wanawake wenye maumivu sugu, ipime kama asidi amino katika damu yao, yaani vile vipande vinavyojenga protini, zinapishana na za wanawake wazima wasioumwa, nilivaa gauni langu la heshima. Nilitaka jambo moja tu: damu yangu inisemee mbele ya wifi.

Nesi ana adabu zake. Hujambo, mama? Sijambo. Habari za mwili? Nzuri tu, mwanangu. Kuna maumivu yoyote? Ya kawaida tu. Wakati huo nimeegemea meza yake kwa viwiko vyote viwili nisianguke, lakini malezi ni malezi. Nadhani hata mwosha maiti nitamjibu salama. Akaniweka kundi la wazima, wale wa kulinganishia.

Baadaye mtafiti akanipigia simu, sauti ya mtu aliyepotelewa na hesabu. Damu yangu haikai na za wazima wenzangu, alisema, inafanana zaidi na za upande wa pili. Akaharakisha kuongeza kwamba damu ya mtu mmoja haithibitishi lolote.

"Lakini mama, mbona ulisema huumwi?"

"Nilisalimiwa," nikamjibu.

Akaniomba nirudi nihojiwe upya. Wifi alisikia yote, kwa kuwa simu yangu husikika hadi kwa jirani. Aliosha vyombo bila kubamiza sufuria hata moja, na asubuhi akasema atanisindikiza.

Njia nzima nilifanya mazoezi: naumwa, mwanangu, naumwa. Nesi yuleyule akainua kichwa.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo," nikasema.

Nyuma yangu wifi akashusha pumzi.

"Anaumwa huyu," akamwambia nesi. "Andika hivyo."